Damu Ambayo Haikumwagika

Mlimwona Nadira nje ya geti la hospitali Thika, mkageuza shingo. Na wewe unayesoma ulikuwepo. Ukasema hayo ni ya wenyewe.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Gachau, mpenzi wake, alikuwa ameenda dukani kule Kimbo kumwambia Irshad, kaka yake Nadira, kwamba anataka kumwoa dada yake. Wakabishana kuhusu dini, sauti zikapanda. Ghafla Gachau akashika kifua, akaanguka, moyo ukasimama. Irshad akapiga magoti, akamkandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi. Wapita njia wakaona mtu anapiga mtu.

Gachau akalazwa Thika, na picha ya kichwa aliyopelekwa kupigwa Nairobi ikaonyesha weupe kwenye ubongo. Damu, madaktari wakasema. Warigia, mama yake Gachau, akaapa mwanawe amepasuliwa kichwa. Irshad akatupwa seli, Nadira akakatazwa wodi.

Kila saa ya kuona wagonjwa alisimama pale nje, akiyakodolea macho madirisha, asijue la Gachau ni lipi. Alitaka kumshika vidole vya miguu tu, ajue kama vina joto. Akampigia Warigia simu ya kibanda.

"Mama, nisikilize kidogo."

"Mimi si mama yako. Uliza ndugu yako hiyo damu ilitoka wapi."

"Alikuwa anamwokoa."

"Kwa ngumi?"

Simu ikakatwa.

Daktari Nafuna ndiye aliyeuliza jeraha liko wapi. Halikuwepo. Akatoa maji ya uti wa mgongo. Yalikuwa safi, hayana damu. Akamweleza Warigia kwamba moyo ukisimama ubongo huvimba, na kwenye picha mishipa hung'aa kama damu iliyomwagika.

"Hakuna aliyempiga," akasema. "Aliyembonyeza kifua ndiye amekuachia mtoto."

Warigia sasa alijua ukweli, lakini kwa aibu hakwenda polisi wala getini. Mpaka Gachau alipoamka, ulimi mzito, akauliza jambo moja. Ndipo mama akatoka, akapitia kituo cha polisi, kisha akaja getini.

"Wee msichana. Ameniuliza nimekuficha wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Ingia."

"Na Irshad?"

"Wamemwachilia. Nimemwomba msamaha mbele ya askari wote."

Wodini, Gachau alimtazama Nadira mpaka machozi yakamtoka.

"Umekonda."

"Na wewe una ndevu za babu."

Akamshika vidole vya miguu. Vilikuwa na joto.

Sasa wewe. Kuna mtu umemfungia nje kwa sababu ya jambo ulilodhani umeliona. Acha kusoma. Simama, nenda ukamfungulie.