Pikapu Iliyozama Bila Mzigo

Fundi huyu alikuwa jirani yetu, na watu walimwita Kipimo. Hakuna aliyemwonea. Mtu gani mwenye akili zake hupima mlango wa choo kila mvua zikiisha, eti aone kama umevimba? Gereji yake ilikuwa uani, paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka nenda rudi. Mbele ndiko walikoishi, yeye na dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Sote mafundi," dada alizoea kumtania. "Ila nguo zangu zikiisha zinaondoka. Magari yako yanazeekea hapa."

Figo za dada zilikuwa zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa ilibidi apelekwe hospitali iliyoko ng'ambo ya mlima, akalazwe kwenye mashine ya kumsafishia damu. Akikosa mara moja, miguu inavimba. Akikosa mara mbili, maji yanapanda mapafuni. Ya mara ya tatu daktari hakuisema, dada ndiye aliyeimalizia: "Mara ya tatu mniitie seremala." Akacheka peke yake.

Basi mwaka ule mvua zikang'oa daraja. Ikabaki njia moja tu, ile ya machimbo ya zamani inayopanda mlima kwa nyuma, mawe matupu na tope jekundu. Basi halipiti. Wenye teksi walitazama njia, wakamtazama Kipimo, wakawasha magari yao wakaondoka. Dada akakosa Jumanne. Alfajiri ya Jumatano Kipimo akavua turubai pikapu yake kuukuu, iliyokaa miaka sita bila kutikisika, akaanza kazi.

Aliinyanyua. Alikata vyuma vya kushikia springi akavirefusha, akaongeza mabapa, maana springi za gari kama lile ni mabapa ya chuma yaliyolaliana, na kila bapa unaloongeza gari linabeba zaidi. Akafunga shokapu ndefu na tairi za lori dogo. Ikasimama juu kama ng'ombe anayeamka. Lakini tairi kubwa zina adhabu yake: gari linakuwa jepesi kwa mbio na goigoi kwa kupanda. Alipojaribu kilima cha nyuma ya nyumba, injini ikakoroma ikazimika. Dawa yake ni kubadilisha difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu, atafute iliyo nzito, yaani ya nguvu kuliko mbio, ya mbele na ya nyuma zilingane.

Kwa muuza chakavu alizikuta zote mbili, chini ya gari moja lililobondeka kama kopo. Akazungusha gurudumu mara moja huku akihesabu mizunguko ya propela, ule mtaimbo unaoleta nguvu ya injini kwenye difu. Zilikuwa zenyewe hasa.

"Hili lilipatwa na nini?" akauliza.

"Lilibingiria njia ya machimbo. Lilikuwa na watu tisa nyuma."

"Walipona?"

Muuza chakavu akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi nauza vyuma, ndugu yangu."

Ijumaa pikapu ikapanda mlima. Gia namba moja, mguu hauko kwenye mafuta wala breki, yenyewe inatambaa jiwe kwa jiwe. Dada alirushwarushwa mpaka kilemba kikamwangukia machoni. "Mdogo wangu, hii ni gari au adhabu?" Lakini alifika. Alisafishwa damu. Jioni alikula, akaomba aongezewe, na Kipimo akaenda kulia chooni kwa furaha ili asionekane.

Asubuhi yake akaipima, kama kawaida yake. Nyuma ilikuwa imeshuka vidole viwili.

Akalala chini akakagua. Bapa halijavunjika. Nati hazijalegea. Akajiambia ni springi tu imejikalia, hutokea. Akaongeza bapa moja, gari likarudi kimo chake, akasahau. Jumanne wakaenda, wakarudi. Jumatano nyuma ilikuwa imeshuka tena vidole viwili, vilevile, havizidi havipungui. Akaongeza bapa la pili.

Safari ya tatu, kwenye kona ya juu ya machimbo, dada akamgusa goti.

"Hao wa nyuma umewapakia wapi?" alimnong'oneza.

Kipimo akatazama kioo. Bodi tupu. "Nani, dada?"

"Wawili. Wameinamisha vichwa. Usiwaulize kitu."

Alijua damu chafu humpanda mtu kichwani akaona yasiyokuwepo. Hivyo ndivyo alivyojifariji. Hata hivyo hakutazama kioo tena mpaka hospitali.

Ikawa ndiyo desturi. Kila safari vidole viwili, kila asubuhi bapa jipya. Na dada naye alikuwa na hesabu yake. Wanne. Watano. Alizitaja kwa sauti ya chini, uso mbele, mikono mapajani. Kwenye safari ya nane alisema, "Mmoja wao ni mama. Anatafuta kiatu."

Mzee aliyemuuzia mabapa alikuwa na karakana kando ya soko la mbao, mtu wa maneno makavu, asiyependa kuzoewa. Kipimo alipoenda kuchukua bapa la nane, mzee akaweka nyundo chini.

"Unabeba nini?"

"Mgonjwa. Mtu mmoja."

"Springi haizami kwa mgonjwa mmoja. Nimezikunja miaka arobaini, usinifanye mtoto. Gari lako limezoa watu."

Kipimo akaligeuza bapa lililokuwa mezani. 

"Gari likizama, maana yake limejaa," mzee akasema, sasa kwa kunong'ona. "Asiyepata nafasi hubaki njiani. Wewe kila likijaa unawaongezea kiti. Kwangu hupati bapa jingine."

 Aliona mkono wake mwenyewe ukikaza nati, asubuhi baada ya asubuhi, akijisifu kwamba gari liko sawa. Kwa mikono yake! Akarudi uani, akatoa bapa la saba, kisha la sita, akitaka kuyang'oa yote. Gari likaketi chini mpaka tairi zikagusa bodi, na hakuna aliyeshuka. Akayarudisha. Siku nzima ya Ijumaa ikamwishia chini ya gari, na dada akakosa mashine.

Jumanne dada aliamka amevimba uso. Alipumua kwa vipande. Gari jingine lingetoka wapi? Kipimo alipiga simu kwa kila mwenye gari anayemjua, na kila mmoja alikuwa ng'ambo ya mto. Akapiga moyo konde, akambeba dada mpaka kwenye kiti. Alikuwa mzito wa maji.

"Mdogo wangu," alisema, "tusiende na hawa."

"Usipoenda leo utakufa, dada."

"Najua."

Wakaondoka saa tano asubuhi. Mvua ya rasharasha. Mpaka katikati ya mlima gari lilikwenda. Kwenye kona ya juu ya machimbo likaketi ghafla. Vidole viwili. Alivihisi kwenye uti wa mgongo.

"Wametimia," dada akanong'ona.

Tairi zikasaga bodi. Klachi ikanuka. Gia namba moja, injini inalia, gari haliendi. Halirudi pia. Dada alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioziba.

Kipimo akashuka. Akazunguka nyuma. Bodi ilikuwa imelowa yote kwa mvua, isipokuwa sehemu tisa. Kavu kabisa. Kila moja kama makalio ya mtu aliyeketi. Mvua ilinyesha, na pale haikufika.

Alipiga magoti kwenye tope.

"Shukeni," alisema. "Nawaomba. Mimi ni mjinga tu wa vyuma. Yule ndani ndiye mama yangu, sina mwingine. Shukeni nimfikishe."

 Mvua tu.

Kisha springi ikalia. Kwii. Nyuma ikainuka vidole viwili, na sehemu moja kavu ikaanza kulowa. Kwii. Ya pili. Alihesabu kwa kidole, machozi yanamtoka, anawashukuru mmoja mmoja. Saba. Nane. Tisa. Bodi yote ikalowa.

Kwii.

Ya kumi ilitoka mbele, upande wa abiria.

Hakuielewa hapo. Furaha ilimziba. Aliruka kwenye usukani, akakanyaga, na pikapu ikapanda nyepesi kuliko siku zote, ikaruka mawe, ikamaliza mlima. "Tumepona, dada! Umeona? Wameshuka!" Dada alikuwa ameegemea kioo. Kilemba kimemfunika macho. Alimsemesha mpaka getini.

Muuguzi alifungua mlango, akamshika shingo, kisha mkono. Akamtazama Kipimo kwa huruma iliyochanganyika na mshangao.

"Kaka, mbona mwepesi hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Wauguzi wawili walimbeba bila shida, yule aliyemlemea Kipimo asubuhi alipomfikisha kwenye gari.

Baada ya mazishi Kipimo alifungua kila kitu. Difu zote mbili alizitumbukiza mtoni. Springi akazikata vipandevipande. Tairi akagawa. Kilichobaki ni kichwa na bodi juu ya matofali, uani, bila ekseli wala gurudumu. Injini yenyewe ameitoa. Watu wanamwambia auze kile chuma, kinamtesa bure. Anakataa.

"Nikiuza, dada atarudi na nini?" anasema, na watu wanaangalia pembeni.

Maana kila Jumanne na Ijumaa, mchana, jua linawaka, akiufungua mlango wa abiria anakuta mkanda wa kiti umefungwa. Umekaza, kama umemzunguka mtu. Mara ya kwanza alipiga kelele mpaka majirani wakaruka ukuta. Siku hizi hapigi. Anachukua futi yake anapima urefu wa mkanda, anaandika ukutani kwa chaki, kisha anaufungua taratibu.

Ukuta sasa umejaa namba, na kila namba inazidi iliyotangulia. Mkanda unalegezwa. Anayefungwa ndani yake anazidi kuvimba. Ijumaa iliyopita Kipimo aliandika ya mwisho, akakaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye gari.

"Bado hajafika kwenye mashine," alisema.

Na mkanda hauna urefu mwingine wa kulegezwa.