Mulango wa Upande wa Maji

Jua lilikuwa limeshazama upande wa Sake wakati Kahindo alipochukua bido yake ya njano ya kuchotea maji ashuke ziwani. Maji ya chai yalikuwa yameisha, na mama yake, muzee Katungu, alikuwa kitandani anaulizia chai mara ya tatu. Huyo mama alikuwa hatembei tena. Pale ulipomlaza asubuhi ndipo ungemkuta jioni.

Kutoka nyumba yao mpaka ukuta wa ziwa ni hatua ishirini. Zamani zilikuwa hamsini. Ziwa lilikula thelathini, pamoja na migomba na choo, halafu likatulia kama halikufanya kitu. Ukuta ndio uliookoa kilichobaki: vizimba vya waya vilivyojazwa mawe meusi ya volkano, kimoja juu ya kingine. Mafundi wanaviita gabioni. Kahindo mwenyewe aliyabeba yale mawe kwa mugongo, kamba kwenye paji la uso, na kila baada ya dhoruba alipita na pensi yake, koleo la chuma, akikaza waya na kurudisha mawe yaliyoanguka.

Uani alimkuta Édouard.

Hakupiga hodi. Hajawahi. Tangu aletwe kuwa chef wa kurekebisha ukuta, huyo mutu alikata uwanja wa watu kama njia ya sokoni, amevaa viatu vyake vya ncha, vya kung'aa, vya madukani Birere. Kila hatua kumi aliinama kuvifuta na kitambaa cheupe. Viatu vya harusi juu ya mawe ya volkano! Hata bata wa jirani walikuwa wanageuka kumwangalia.

"Bonsoir, mama. Kazi imeisha. Ile tundu yenu nimefunga."

Kahindo akaweka bido chini. "Tundu gani, chef?"

"Ile ya wachawi."

Hiyo aliyoiita tundu ilikuwa mulango. Muzee Habarurema, fundi wa kwanza wa ukuta ule, aliuacha kwa makusudi: upana wa mutu mumoja, umepindwa kama sikio ili mawimbi yavunjike humo kabla ya kufika uani. Ulikuwa wa wale ambao ziwa liliwachukua na halikuwarudisha. Jioni wanapanda, wanasimama pale, wanapiga hodi. Wewe unanyamaza. Wakiona hakuna wa kuwakaribisha, wanashuka tena.

"Ni watu wa adabu," Habarurema alizoea kusema, akitema tumbaku. "Bila karibu hawaingii. Lakini uwafungie... watatafuta kwa kupitia. Na ukuta utalala juu yako."

Bwana wa Kahindo, Kasereka, alikuwa mumoja wao. Alipanda boti kwenda kuleta ndizi. Ndizi zilionekana zikielea. Yeye, hapana.

"Chef, ile mulango hatufungake. Muzee Habarurema hakukuambia?"

Édouard akacheka na pua. "Habarurema! Alisomea wapi, ule? Maji inakula nyumba yenu, na nyinyi munaachia maji mulango. Kweli munastahili."

"Maji inazunguka kwa ile sikio, inachoka. Mwenye anaingia hapa bila kuchoka ni weye. Hata hodi haupige."

"Nipige hodi kwa nani? Hapa ni chantier, ni mahali pa kazi."

Sauti ikatoka ndani, kavu. "Kahindo, ni nani huyo anaongea kama mbuzi?"

"Ni chef, mama."

"Amefunga?"

"Amefunga."

Muzee Katungu akasema polepole, "Basi muombe afungue mbele ya giza kuingia. Nyinyi muko na miguu. Mimi siwezi kukimbia."

Kahindo alimfuata Édouard mpaka ukutani, bido mukononi, pensi kiunoni. Pale palipokuwa mulango sasa kulikuwa na vizimba vitatu vipya, vimefungwa na waya, mafundo yamepangwa sawa kama vifungo vya shati. Mbele yake, upande wa nyumba, palikuwa na shimo walimochimba udongo. Lilifika kiunoni, na lilikuwa kavu. Édouard akateremka ndani yake kwa kujivuna, akapiga kizimba na kiganja.

"Unaona? Hata tembo hapiti."

Upepo ukaacha.

Vyura nao wakaacha kulia, wote mara moja, kama mutu amewafunika na sufuria.

Halafu harufu ikaja. Si ya samaki. Ilikuwa ya nguo iliyosahaulika ndani ya maji siku nyingi...

Ko.

Ko.

Ko.

Jiwe juu ya jiwe. Upande wa maji.

"Hodi..."

Kahindo akauma kitenge chake. Ile hodi aliijua. Ilivutwa mwishoni, hodiii, kama mutu aliyerudi amechoka na anajua chakula kimepoa. Miaka saba hakuisikia kwa karibu hivi. Machozi yakamtoka, mudomo ukabaki umefungwa.

"Ni nani huko?" Édouard akapaza sauti. "Wavuvi? Mupite kwa njia kama watu!"

"Hodi..."

Kahindo akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akamshika mukono wa koti. "Usijibu," akanong'ona. "Nakuomba, papa. Shika hii pensi, ukate waya, tuende."

Édouard akautoa mukono wa Kahindo, kisha akapangusa koti mahali uliposhika. Hilo alilifanya kweli. Na kitambaa kilekile cha viatu.

"Hodi, hodi, hodi! Basi karibu! Ingia! Kama uko na meno ya kukula hii waya, hii fil de fer, ingia!"

Akacheka. Alicheka peke yake.

Tiiing.

Fundo la kwanza la waya likajizungusha. Polepole. Likafunguka.

Tiiing.

Kahindo aliacha bido palepale. Alikimbia hatua zile ishirini bila kuhisi ardhi. Nyuma alimsikia Édouard bado anacheka, kisha anakohoa. Kisha akasikia, "Mama?" Sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo neno bila kejeli. "Mama... kuya... kuya univute..."

Hakurudi. Alisukuma benchi kwenye mulango, akakaa kitandani, akashika mukono wa mama yake. Kuna vitu vilivyopita uani, vinachuruzika maji. Havikugusa nyumba. Aliyesema karibu ndiye aliyekuwa na wageni.

Asubuhi walimkuta shimoni, kifudifudi. Wale wanaojua mambo ya volkano walikuja na kamashini kao ka kupima hewa, wakakashusha na kamba, kakalia. Mazuku, wakasema: ile hewa mubaya inayotoka chini ya ardhi, inalala mahali pa chini, inaua mbuzi na mutu bila kelele. Ni kweli, hata kuku wawili walikuwa wamekufa pembeni yake. Na nani hapa Goma hajui mazuku? Kahindo alikubali na kichwa.

Lakini mazuku hailoweshi nywele za mutu ndani ya shimo kavu. Mazuku haifungui mafundo yote ya waya na kuyanyoosha, kisha kuzipanga nyaya chini moja kando ya nyingine. Na viatu vyake havikuwepo. Wakasema wezi.

Muzee Habarurema alirudi na wajukuu wake, wakajaza lile shimo, wakatoa vile vizimba, wakajenga sikio upya. Mvua kubwa ilikuja wiki ileile. Mawimbi yalipiga, yakazunguka, yakachoka. Ukuta haukupoteza hata jiwe. Jioni, ko, ko, ko. Hodi. Kahindo na mama yake walinyamaza, na watu wa adabu wakashuka zao. Mama na binti wakaanza kulala vizuri.

Wiki ya tatu, jioni moja, hodi ilikuja ikaenda. Kahindo alikuwa anapuliza makala ya moto kwenye jiko, mulango umefungwa na benchi iko mahali pake. Muzee Katungu akaita kutoka chumbani. Hakupaza sauti.

"Kahindo... umefungulia nani?"

"Sijafungulia mutu, mama."

"Na huyu mwenye amesimama hapa?"

Kahindo akachukua taa, akaingia. Hakukuwa na mutu. Lakini juu ya sakafu ya sima kulikuwa na maji, alama za viatu vya ncha, moja, nyingine, nyingine, kutoka mulango uliofungwa mpaka miguuni mwa kitanda. Za kurudi hazikuwepo. Na pembeni, kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, kinachuruzika.

"Sikusikia hodi," muzee Katungu akanong'ona.

Kahindo akajaribu kutema mate kwa dharau. Mudomo ulikuwa mukavu.

"Ule? Hodi hakufundishwa kwao, mama. Hajawahi."

"Basi muambie," akasema muzee, macho yake hayakuondoka mwisho wa kitanda, "muambie aachie muguu wangu."