Ukelele Ndani ya Kiwiko cha Nakiru

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Nakiru huketi mlangoni kwake huko Lopur akisuka vikapu. Huloweka miaa, huipasua kwa meno, kisha huisuka duara juu ya duara. Vikapu vyake vilijulikana mpaka kambini Kakuma. Watu walisema hata unga laini hauvuji.

Mwaka 2012 ulipokuwa ukiisha, vikapu vilianza kuvuja.

Nakiru hakumwambia mtu. Alikuwa na ukoma, na dawa alikuwa ameanzishiwa hospitalini Lodwar. Alizimeza bila kukosa, na mabaka ya ngozi yakaanza kufifia. Halafu ghafla yakawaka mekundu tena. Kiwiko cha kulia kikavimba, kikauma kama jino bovu. Kidole cha mwisho kikaanza kukunjika. Kila asubuhi alijaribu kukinyoosha kabla mumewe Ebei hajaamka, na kila asubuhi kiligoma zaidi kidogo. Bila kidole kile, angesuka nini?

Aliona dawa ndiyo inayomla. Akaacha kumeza, akaificha chini ya ngozi ya kulalia.

Mama mkwe wake, Nakaale, alipokuja kutoka Lorugum, alikishika kile kiwiko mara moja. Akasema ugonjwa umejificha humo, na utatolewa kwa chuma cha moto, kama mifugo inavyotibiwa.

"Ngamia wangu nilimchoma goti," alisema. "Mpaka leo anamshinda Ebei mbio."

Ebei akacheka. Nakiru hakucheka, lakini alikubali. Mfa maji hukamata maji. Wakapatana achomwe kesho yake, mbuzi wakisharudi.

Siku hiyo ya kuchomwa, asubuhi, Abang akaja kuchukua kikapu chake. Abang ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na kambini alifunzwa kuwa mhudumu wa afya.

"Ejok, Nakiru?" alisalimu. Akakigeuza kikapu, akapitisha kidole kwenye pengo. Mapengo yote yalikuwa pale mwaa ulipovutwa kwa mkono wa kulia. Akauliza mkono huo una nini. Nakiru akauficha chini ya shuka. Abang akaketi kando yake. Nakiru akashindwa kuficha, akaeleza yote, mpaka habari ya chuma.

Abang akamwomba afumbe macho. Akachukua ujani wa miaa.

"Nimegusa?"

"Bado," Nakiru akajibu.

Alipofumbua macho, ujani ulikuwa umelala juu ya kidole chake.

Abang akamgeukia Nakaale, aliyekuwa akisikiliza. "Mama, kwenye kiwiko ndipo unapopita mshipa wa fahamu wa kidole hiki. Ukichoma hapo, utaunguza mshipa wenyewe."

Nakaale hakupendezwa. Aliuliza, kama dawa ya Lodwar inaua vijidudu vya ukoma, kwa nini mkono umevimba sasa?

"Wezi wa mifugo wakija, mchungaji anafanya nini?" Abang akauliza.

"Anapiga ukelele. Wa pili anaupokea, wa tatu anaupokea, mpaka vijana wanatoka na silaha."

"Mwilini ni hivyo hivyo, mama. Askari wa mwili ni chembe ndogo za damu. Chembe moja ikigusa kijidudu, ukelele unaanza ndani ya chembe yenyewe. Protini moja inaipachika nyingine alama ndogo. Iliyopata alama inaamka, nayo inaipachika inayofuata. Hizo zinazopachika alama zinaitwa kinasi. Ukelele ukifika mwisho, askari anapigana. Hata mishipa ya fahamu ina kinasi zake, zinazopeleka habari za kupona au kuharibika."

"Na wezi wakishauawa?"

"Hapo ndipo shida. Dawa imevunja vijidudu, na mizoga yao imebaki ndani ya mshipa. Askari wakiiona wanazidi kupiga ukelele. Wanapigana ndani ya zizi na kukanyaga mbuzi wenu wenyewe."

Nakaale akatazama chini. "Vijana waliolevywa na vita nimewaona," alisema polepole. "Nani anawanyamazisha?"

Abang akaeleza kwamba kuna dawa ya kutuliza. Husaidia kufuta zile alama, na ukelele hushuka. Lakini ile ya Lodwar isiachwe, maana wezi waliobaki watarudi. "Na twende leo," alisema. "Mshipa ukikanyagwa muda mrefu, haurudi."

Ebei akatafuta pikipiki. Njia nzima Nakiru aliuliza kama wamechelewa.

Katika kliniki ya Kakuma, daktari alibonyeza kiwiko na kupima nguvu za vidole. Akampa dawa ya kutuliza na kibao laini cha kufungia mkono. Akamwonya asiiache ghafla. Itapunguzwa kidogo kidogo na daktari mwenyewe. Nakiru akauliza kama kidole kitarudi.

"Kinaweza kurudi. Siwezi kukuahidi," alisema daktari.

Nakaale hakurudi Lorugum. Yeye ndiye aliyezitoa dawa za Lodwar chini ya ngozi ya kulalia, na ndiye aliyesimama na maji Nakiru akimeza. Uvimbe ukashuka. Lakini kila asubuhi mama mkwe alimfumbisha macho na kuuliza, "Nimegusa?"

"Bado," Nakiru alijibu, na siku nzima roho yake haikutulia.

Mvua za mwaka 2013 zikaja, zikapita. Asubuhi moja Nakiru alikuwa amefumba macho kama kawaida.

"Mama," alisema, "unanitekenya."

Siku zilizofuata Nakaale alimtazama akisuka, taratibu, kwa kidole ambacho bado hakijanyooka kabisa. Kikapu kilipokwisha, alikijaza unga, akakiinua juu ya shuka jeusi, akakitikisa kwa nguvu.

Shuka likabaki jeusi.