Bakuli la Chai Kule Pangani

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na saba, wa Buyenzi, mtaa wa mafundi gari huku bara, ng'ambo ya mpaka. Shule niliiacha darasa la pili, basi mnisamehe nikipotea njia kidogo. Kwa miaka arobaini na moja nilikuwa mke pekee wa Hamisi. Sasa siye…

Babu yake Hamisi alitoka pwani na misafara ya zamani. Uzeeni Hamisi akataka kupaona huko. Watoto wakatupa nauli, tukazunguka Bagamoyo mpaka Pangani, tukitazama magofu na milango ya kuchonga. Tulilala nyumba za wageni, zile unazolipia kitanda na chai ya asubuhi imo humo humo.

Mi sipendi kulala kwa watu. Kule Bagamoyo nilinusa mashuka, nikaegemeza kiti mlangoni. Hamisi akacheka. "We Mwajuma, nani akuibe na uzee huo?"

Pangani tulifikia kwa mjane mmoja, Bi Rehema, mwanamke wa makamo, mnene wa kupendeza. Jioni nilimsaidia kukuna nazi, tukapiga soga. Mi nikianza kuongea, kunyamaza ni kazi. Marehemu mama alikuwa akisema nikizikwa, mdomo utabaki nje.

Asubuhi Bi Rehema akaandaa chai. Kila mgeni alimuuliza, ya maziwa au ya rangi? Hamisi yeye hakuulizwa. Alimwekea ya maziwa, tena kwenye bakuli!

Hamisi hanywi chai kwa kikombe. Humegea mkate ndani ya bakuli, akala kwa kijiko kama mtoto. Lakini huyu mwanamke alijuaje?

Nikakumbuka ujanani alivyokuwa akifuata vipuri na malori, mwezi mzima harudi. Kumbe ndiyo maana ya kunileta hapa? Nikawatazama. Alivyompa sukari, nikaona jambo. Alivyocheka, nikaona jambo. Kisha akasema anampeleka mzee kuliona boma la zamani, nami nikasingizia kichwa.

Sikuuliza kitu. Nilijiona mjanja…

Walipotoka, nilibeba mfuko wangu nikapanda basi. Mpakani, nikitafuta pasipoti yangu, nikaikuta na ya Hamisi. Zote nilikuwa nazitunza mimi, maana yeye hupoteza hata kofia iliyo kichwani. Ningerudi. Sikurudi. Nilisema, akae na bibi yake.

Alipiga simu, sikupokea. Majirani wakiuliza, nasema amebaki kwa ndugu zake. Mwezi wa pili akaja mdogo wangu Yusufu, ambaye Hamisi alikuwa akizungumza naye.

"Dada, rudisha pasipoti ya mutu. Mguu wake wa sukari umefura, hawezi kutembea."

"Apana," nikamwambia. "Aliyemwekea bakuli amuuguze."

Na kweli, alimuuguza. Mjane na mume wa mtu, nyumba moja, mwezi baada ya mwezi. Mtaa ukanong'ona. Shehe wao akawaendea: ama mzee aondoke, ama ifungwe ndoa. Aondoke na mguu gani? Na karatasi gani?

Nilipokuja kuikabidhi pasipoti kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Tanga, ilikuwa imechelewa. Bi Rehema alinipigia mwenyewe. Akaniamkia kwa shikamoo, akasema ndoa imefungwa Ijumaa, na kwamba ananiomba radhi mimi mke mkubwa.

Nikamuuliza alianzia wapi na mume wangu.

"Siku ile mlipofika, dada. Sikuwahi kumwona kabla."

"Muongo we. Na bakuli je?"

"Si wewe, dada? Jioni ile ukikuna nazi. Ulinieleza mzee asipopewa bakuli chai haipandi. Ulinieleza mpaka kijiko."

Simu ikaniponyoka… Nilikumbuka yote. Hata nazi ile nikaikumbuka, ilivyokuwa ngumu.

Hamisi hajarudi. Salamu hutuma, kwa adabu, kama anavyomtumia mtu aliyemkosea akamsamehe. Pasipoti anayo.

Ndugu zangu wasomaji, hasa nyie wanawake wenzangu: jambo likikuchoma, uliza hapo hapo, chai ikiwa bado moto. Aibu ya kuuliza hupita. Mi nimeongea maisha yangu yote, na nilinyamaza asubuhi moja tu. Ndiyo asubuhi iliyonitaka niseme.