Lindo la Mfalme wa Kerma

Hénock, mume wa dada yangu, alikuwa mlinzi kama mimi. Sisi Wakongo tuliohamia mtaa wa Berea wengi tunalinda mali za watu, na kazi yetu ina sheria moja: huondoki lindoni mpaka upokelewe. Anayemaliza zamu husema, "Nakukabidhi." Anayeingia hujibu, "Nimepokea." Hapo ndipo mguu unapopata ruhusa ya kwenda nyumbani.

Juni iliyopita alipangiwa jengo moja la Marshalltown, katikati ya jiji, ambako tajiri fulani alikuwa ameweka maonyesho ya vitu vya kale. Chumba cha ndani kilikuwa na mifupa iliyofukuliwa Kerma, ufalme wa Wanubi uliotamba kabla Misri haijaumeza. Maelezo ukutani yalisema mfalme wao alipokufa, mamia ya watu walizikwa naye, na huenda wengine walifukiwa wakiwa hai. Mifupa ile ilikuwa ya mlinzi wake. Alilazwa ubavu penye mlango wa kaburi, mkono umefunika uso. Hénock aliniambia alimwonea huruma, kwa kuwa ni mwenzetu wa kazi.

Siku ya tatu, wa kumpokea hakuja. Bosi akamwambia kwa simu avumilie, naye akaunga zamu mbili. Saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, macho yakimuuma kwa uchovu, alisikia mtu nyuma yake akisema kwa sauti ya chini, "Nakukabidhi."

Mazoea yana taabu. Alijibu kabla ya kugeuka.

"Nimepokea."

Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na mifupa tu. Mkono ulikuwa umetoka usoni.

Mwenzake alipofika hatimaye, Hénock alirudi nyumbani lakini hakulala. Alisimama kwenye mlango wa chumba chao, akitazama nje. Dada yangu Jeanne alimsihi, akampikia, akamwombea. Mchungaji alikuja, akaondoka bila kumaliza sala. Siku nne zikapita. Miguu ikavimba. Hakuketi. Alisema mfalme aliyelala ndani hajampa ruhusa.

Siku ya tano alinishika mkono. Vidole vilikuwa baridi.

"Shemeki, unipokee," alininong'oneza. "Nimechoka."

Nilijua neno la kujibu. Nimelitamka maelfu ya mara. Jeanne alinitazama. Nyuma ya Hénock, katika chumba kisicho na mtu, kitanda kililia kana kwamba kuna aliyejigeuza. Nikafunga mdomo. Huwa nasema niliwafikiria wanangu. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Aliniachia mkono. Kabla ya adhuhuri alianguka, akafa.

Kwa siku zote hizo hakuwa ameshuka kutoka ghorofa ya tatu walikoishi. Jeanne ni shahidi. Lakini daktari aliyempasua alituita sisi wawili, akafunga mlango. Alisema koo limejaa mchanga, na mapafu pia. Aliuvuta akiwa hai. Kisha akatuuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyemfukua.