Majina Mawili Chini ya Dirisha

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni shangazi yangu Biasha, hapa Nkowe, mwezi wa nane mwaka 2003, siku mbili baada ya arobaini ya Mzee Lukman. Tulikuwa uani tunapepeta ufuta. Aliisimulia bila kupandisha sauti, na kila nilipomuuliza miaka iliyofuata hakubadili neno. Kabla ya hapo alikuwa hajamwambia mtu, kwa sababu Mzee Lukman alimkataza akiwa hai.

Mumewe, Isihaka, alikuwa fundi seremala na mwandishi wa mabango pale Ruangwa. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Aliweza kuandika bei za bidhaa juu ya mlango wa duka bila kupiga mstari wa penseli, na herufi zikakaa sawa.

Mwaka 1997, kabla ya zile mvua kubwa, Mwalimu Eustakio, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi Ruangwa, alimletea picha tatu alizokata kwenye gazeti. Zilionyesha gari la mashindano, ubavuni, mbele na nyuma, limepakwa matope hadi kwenye taa. Mwalimu alitaka gari lilelile, dogo, la kuweka kabatini.

"Unaweza, fundi?"

"Naweza. Ila usiniharakishe."

"Nikuharakishe niende wapi? Huku kwenu gari la kweli likitoka Nachingwea Jumatatu tunalipokea Ijumaa."

"Hili litafika tu, mwalimu. Hili linabebwa."

Lilimchukua miezi mitatu. Bodi aliichonga kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi na haupasuki. Mapengo aliyaziba kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa, akaziba tena, mpaka ukipitisha kidole huhisi mti ulipoishia. Bati la milango lilitoka kwenye sufuria kuukuu. Vioo vilikuwa picha za eksirei alizoziosha hadi zikawa angavu. Matairi aliyakata kwenye ndara, na mikato ya kila tairi aliichora kwa wembe, arobaini na nane, akihesabu. Antena ilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Ndani aliweka viti viwili, na mikanda ya viti ilikuwa utambi wa taa.

Watu hakuchonga. Mwalimu alitaka dereva na mwenzake wakae humo, lakini Isihaka alisema yeye sanamu za watu hachongi, dini haimruhusu. Viti vikabaki vitupu.

Ikabaki kazi ya mwisho. Kwenye picha, chini ya dirisha la nyuma, palikuwa na majina mawili, la dereva na la msoma ramani.

"Niandike ya nani?" Isihaka aliuliza.

"Yoyote," Mwalimu alisema. "Hapana, subiri. Ukiandika la mtu ninayefundisha mwanawe, nitasumbuliwa mwaka mzima. Weka majina yasiyo na mwenyewe."

Mtu wa Bukoba hakuwa na namna ya kujua alichokisema. Isihaka ndiye aliyepaswa kujua. Huku kwetu mvulana akiingia jandoni huenda na jina la utotoni, akitoka huwa na jina jipya. Lile la zamani huachwa kumbini, kwenye kambi ya jando porini, kibanda kinachomwa moto, na vijana wanaondoka bila kugeuka nyuma. Kumwita mtu mzima kwa jina aliloliacha kule ni tusi ambalo watu wameshikiana mapanga kwa ajili yake. Kwa hiyo Isihaka, mtu aliyezoea kufanya kazi kama ilivyoagizwa, alifikiri majina yasiyo na mwenyewe, akapata mawili bila shida. Moja lilikuwa lake mwenyewe, aliloliacha mwaka 1968.

La pili lilikuwa la mdogo wake.

Waliingia kumbini pamoja, wakipishana mwaka mmoja. Mdogo alikufa wiki ya tatu. Mama hakuambiwa, maana ndiyo desturi. Mzazi huambiwa siku ya kutoka, kwa kurudishiwa bakuli la mtoto limepasuliwa. Hadi siku hiyo aliendelea kupeleka chakula cha watoto wawili. Isihaka aliamriwa ale cha kwake na cha mwenzake, vyombo virudi vitupu, mama asishtuke. Alikula sahani mbili kwa mwezi mzima. Biasha aliambiwa hayo mara moja tu, usiku wa harusi yao, na hakuongezewa.

Isihaka aliandika jina la mdogo wake juu, kwenye nafasi ya dereva. Lake aliliweka chini, la msoma ramani. Walipokuwa wadogo walikuwa wakiunda magari ya mabua ya mtama, na mdogo ndiye aliyekuwa hakubali mwingine aendeshe.

Rangi ilikauka siku mbili. Siku ya tatu Isihaka alimwita mkewe kiwandani.

"Mama Yasmini, hebu tazama tairi hili."

"Limefanya nini?"

"Limelika upande wa nje. Nilikata sawa, nilihesabu. Hivi tairi hulika likipita kona nyingi."

"Labda ndara yenyewe ilikuwa imechakaa."

"Ilikuwa mpya."

Katika mikato ya wembe mlikuwa na vumbi jekundu, na juu ya meza hapakuwa na vumbi. Isihaka alilifuta kwa brashi, akalikabidhi gari kwa Mwalimu jioni ileile, kabla ya siku waliyopatana. Mwalimu alifurahi mno. Mwezi wa kwanza alihamishiwa Nachingwea, akalibeba mapajani njia nzima, na Biasha akashukuru moyoni kwamba limekwenda.

Wiki ileile Isihaka alianza kuyumba.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, saa nne ya asubuhi, anapiga randa fremu ya mlango, mara mwili ukalala kushoto, ukarudi, ukalala kulia, kama abiria ndani ya gari linalokata kona. Kigoda hakikusogea. Midomo ilikuwa inacheza. Biasha alisogea karibu akasikia.

"Kushoto. Kushoto tena. Kijito. Taratibu. Kulia, mkorosho ulioanguka."

"Baba Yasmini! Unasema na nani?"

Alishtuka, akafuta jasho. Alisema amesinzia. Lakini kesho yake saa ileile aliyumba tena, na kuanzia hapo kila siku, na kila siku aliendelea pale alipoachia jana, bila kurudia kona hata moja. Biasha alizaliwa Nkowe, kijiji kimoja na Isihaka. Siku ya nne aliposikia "kisima cha mawe, kulia", aliitambua njia. Ilikuwa njia ya zamani ya kutoka kwao Isihaka kwenda porini, kule ambako wanawake hawafiki, wanakojengewa vijana kumbi.

Na chini ya meza ya kazi, mume wake akiwa anayumba, kulikuwa na sauti. Haikuwa ya injini. Ilikuwa sauti ya midomo, vile mtoto anavyotetemesha midomo akisukuma gari lake la mabua, vuuum, akipumua, vuuum. Alipoinama hapakuwa na kitu, ila palinuka majivu na majani yaliyopondwa, na Isihaka, ambaye alikuwa hajawahi kulia mbele yake, alikuwa analia macho wazi huku akisoma kona.

Walimfuata Mzee Lukman kijijini kwake, Matambarale. Ndiye aliyewalea vijana katika kumbi ile ya mwaka 1968, na baadaye akawa mganga. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza Isihaka swali moja.

"Umefika wapi?"

"Kisima nimekipita. Jana niliona mtondoo wenye mzinga."

"Zimebaki kona sita," Mzee Lukman alisema. "Baada ya kichuguu hakuna kona. Kuna mlango wa kibanda tu."

"Ni mdogo wangu, mzee?"

"Mdogo wako nilimzika kwa mikono yangu, amelala. Majina yale tuliyaacha porini, na porini hakukosi wa kuyaokota. Aliyelichukua la mwenzako ni jini, anasema kwa sauti ya mtoto kwa sababu ndiyo aliyoikuta. Alikuwa nalo miaka thelathini, hana pa kukaa. Wewe umemtengenezea kiti. Ukaweka na kiti cha pili ubavuni, ukajiandika."

Biasha aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tufanye nini, babu?"

"Mkono ulioandika ndio ufute. Majina yote mawili, kwa kitambaa kimoja, bila kusita katikati. Na akikuita, Isihaka, usiitike. Nisikilize. Akikuita kwa lile jina, usiitike hata kwa kichwa."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kona sita, na sasa alikuwa akisoma moja tu kwa siku: siku sita. Kwa kawaida kwenda Nachingwea, lilikokuwa gari, ni safari ya saa chache, lakini mwaka ule mvua zilikuwa zimekata barabara, na lori pekee lililothubutu kuondoka lilizama mara mbili kabla ya katikati. Walilala njiani siku tatu. Biasha alisema kilichomtisha kuliko tope ni kwamba lori likikata kulia abiria wote wakalala kushoto, Isihaka peke yake alilala upande mwingine, akifuata barabara nyingine, na asubuhi ya Ijumaa alipomaliza kusoma kona ya siku hiyo alimgeukia akamwambia kwa upole, kama mtu anayeaga watu wa nyumbani, "Imebaki moja."

Walifika Nachingwea Jumamosi, karibu na adhuhuri, saa nne ikiwa imepita bila yeye kuyumba, na hilo halikumpa Biasha faraja yoyote. Mwalimu hakuwepo. Walipokewa na mkewe, Serafina, ambaye hakuuliza wamefuata nini.

"Ni hilo gari?" alisema mlangoni.

"Ndilo, dada."

"Nilimwambia Eustakio alitoe. Sina mtoto mdogo humu ndani, na kila siku nasikia mtoto anacheza nyuma ya kabati. Nimesali, nimenyunyiza maji ya baraka. Likichukuliwa leo, mimi nitashukuru."

Gari lilikuwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe. Matairi yalikuwa yamelika hadi mikato haionekani. Mikanda ya utambi, ambayo Isihaka aliiacha imelegea juu ya viti vitupu, wa dereva ulikuwa umekazwa, umebana kitu kisichoonekana, na ule wa pili ulikuwa wazi, umewekwa pembeni kama unavyomfungulia mtu ili aingie.

Isihaka alilitoa, akaliweka mezani. Alimimina thina aliyokuja nayo, ya kuyeyushia rangi, kwenye kitambaa. Biasha alisimama mgongoni kwake akiwa amemshika mabega, Serafina akashika rozari yake kizingitini.

Alianza na jina lake. Herufi zilivimba, zikayeyuka, zikatoka zote, na pakabaki rangi nyeupe. Biasha alihisi mabega ya mumewe yakishuka, akaona amepumua, akafikiri, tumepona. Kitambaa kikapanda kwenye jina la juu. Na hapo kikasimama.

"Futa," Biasha alinong'ona. "Baba Yasmini, futa. Usisite."

"Nikilifuta hili, halipo tena popote," Isihaka alisema. "Hata kaburi lake silijui."

"Futa, mume wangu, nakuomba."

Sauti ya midomo ilikuwa imeanza, karibu sana, ndani ya chumba, vuuum, ikapumua, vuuum, na harufu ya majivu ikajaa mpaka Serafina akaziba pua kwa rozari na ngumi, kisha sauti ikakatika ghafla, kama mtoto aliyemaliza kucheza na sasa anageuka kumtafuta mwenzake, na katika kimya kile Biasha hakusikia lolote, anaapa hakusikia lolote, lakini aliona sikio la mumewe likigeuka, na uso ukigeuka, na uso ule wa mtu wa miaka arobaini ukalainika kama mtu aliyeitwa na mtu anayempenda.

"Usiitike!"

"Naam," Isihaka alisema. "Nipo."

Jina lake la zamani lilikuwa limeshatoka kwenye gari na halikuwa na pa kwenda. Pale pale likapata.

Aliweka kitambaa chini. Alilichukua gari, akapiga magoti sakafuni, akaanza kulisukuma kuzunguka miguu ya meza, na midomo yake ikatetemeka. Vuuum. Biasha alimwita Baba Yasmini. Alimwita Isihaka, mara nyingi, hadi majirani wakaja. Hakuinua kichwa. Kisha Biasha, kwa aibu, akiwa ameinama sikioni mwake ili majirani wasisikie, alimwita kwa lile jina lake la zamani, alilolisoma kwenye gari kabla halijafutwa.

Aliitika mara moja, kama mtoto mwenye adabu.

Biasha alimrudisha hapa Nkowe, na Mzee Lukman alikuja mara nne, akaacha. Alisema hana cha kutoa, maana aliyeingia alikaribishwa. Lile gari walijaribu kulichoma. Isihaka alipiga kelele mpaka akatokwa damu puani, wakamrudishia. Jina la dereva bado liko chini ya dirisha, halijapauka. Mimi nimeliona. Majina yote mawili sikuyaandika humu, na nawaomba watakaosoma wasiulizie.

Naandika haya mwaka 2009. Mzee Lukman alifariki mwezi wa saba, 2003. Mwalimu Eustakio alifariki 2005, kwao Bukoba, kwa maradhi ya kawaida. Serafina yu hai, nilipata barua yake mwaka jana. Yasmini yu hai, ameolewa Nambilanje, haji nyumbani. Shangazi Biasha yu hai.

Isihaka anapumua, ana mvi, anacheza uani. Sijui nimwandike upande gani. Kila mchana shangazi anampakulia sahani mbili, kwa sababu akipakuliwa moja hali. Anakula ya kwake, akimaliza anaisukuma kando. Ya pili haigusi; anakaa nayo ameigeuzia mgongo, na ikirudi jikoni ni tupu.