Droni Zilizoanguka Vuosaari

Jasusi Outi Paasonen alipanda ngazi za duka kuu la mtaa wa Vuosaari akiruka tatu tatu, bastola yake ya Glock ikimgonga ubavuni.

Ilpo Terho alikuwa mbele yake, na alijua kukimbia.

Mhandisi huyu alikuwa ameiba ramani ya nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Baltiki. Alikuwa nayo ndani ya flashi ndogo kuliko ukucha. Wageni waliomnunua walikuwa wakimsubiri ndani ya Volvo nyeusi, kwenye barabara ya bandarini.

"Uko wapi?" Sauti ya Mkuu Rautio sikioni.

"Ngazi za duka kuu. Anakwenda paani."

"Paani kuna nini?"

"Droni, Mkuu."

Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Juu ya paa, wafanyakazi wawili walikuwa wakifunga maboksi ya supu ya samaki, keki na dawa. Kila boksi lilipewa droni yake ya njano, nayo ilipaa kwenda kulishusha uani kwa mteja.

Outi alichelewa kidogo tu.

Alimkuta Ilpo ameketi sakafuni, mikono juu, mifuko mitupu. Flashi ilikwisha kutumbukizwa ndani ya boksi mojawapo. Angani, droni zaidi ya kumi zilikuwa zikitawanyika juu ya miti ya mibetula. Zote za njano. Zote sawasawa.

"Iko kwenye ipi?" Outi aliuliza, akimtia pingu.

"Mimi naona nyuki tu, dada. Chagua mmoja."

Outi alitoa taarifa. Rautio alimjibu kwa utulivu kwamba barabara ya bandarini imefungwa na ile Volvo haina pa kwenda. Alikuwa akiipigia simu kampuni ili droni zishushwe taratibu, moja moja.

"Subiri, Outi. Muda tunao."

Ilpo alisikia sauti ikivuja kutoka sikioni mwa Outi, akacheka.

"Idara nzima imekosa mwanamume? Wamenitumia mama anayehema kama mbwa wa kuvuta sleji thelujini."

Mfanyakazi mmoja alijitahidi kuficha tabasamu. Hakuweza.

Tabasamu lile ndilo lililomponza Outi.

Alivuta kutoka mgongoni bunduki ya kukata mawimbi yanayoziongoza droni, akailenga angani, akabonyeza.

Haikutoa mlio. Droni zilisimama hewani, zikatetemeka, kisha zikaporomoka kama mawe.

"Nimekwambia usubiri," Rautio alisema.

"Kazi imekwisha, Mkuu."

Na kweli ilikwisha. Wenzake walimchukua Ilpo, Outi akashuka, na flashi ikapatikana chini ya mibetula, imenata kwenye kifuniko cha supu. Wanaume wa kwenye Volvo walijisalimisha bila risasi hata moja. Rautio alisahau hasira zake, akampongeza, na kumwelekeza kwamba waandishi wa habari wataambiwa droni ziliangushwa na upepo.

"Ni upepo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hapo ndipo Outi aliposikia mtu akigumia kwa maumivu nyuma ya miti.

Bibi mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya njia iliyoganda barafu, mguu umepinda vibaya. Kando yake palikuwa na droni iliyovunjika na mfuko wa famasi. Alikuwa akihangaika kuvuta koti lake lifunike suruali iliyolowa.

"Usiniangalie, binti," alisema. "Nimejikojolea."

Outi alipiga magoti. Alivua jaketi lake akamfunika nalo, akaita gari la wagonjwa, akamshika mkono.

Bibi alisema anaitwa Hilkka. Alikuwa akisubiri uani vidonge vya moyo vya mumewe. Aliiona droni ikianguka ng'ambo ya njia, akaona si mbali, aende kujiokotea mwenyewe kabla mzee hajaanza kuwa na wasiwasi, ndipo alipoteleza kwenye barafu.

Gari la wagonjwa lilifika. Mhudumu mmoja aliuchukua ule mfuko ampelekee mzee. Mwingine aliupapasa mguu, akasema nyonga imevunjika.

"Ahsante, binti," Hilkka alisema. "Wengine wangepita tu."

Outi aliinamisha kichwa. Afadhali angetukanwa.

"Mwanangu ndiye aliyenifundisha kuagiza kwa simu," bibi aliendelea. "Alisema hizi hazianguki ovyo. Hii imepatwa na nini?"

Neno lilimfika Outi kooni. *Mimi.*

Alilimeza.

"Upepo, mama."

Hilkka aliinua macho. Hakuna kitawi cha mbetula kilichotikisika. Moshi wa sauna ya jirani ulipanda juu umenyooka kama mlingoti.

Kisha akamtazama Outi. Akaitazama na ile bunduki ya ajabu iliyoning'inia begani mwake.

Aliuchomoa mkono wake polepole kutoka mkononi mwa Outi, akauficha chini ya jaketi.

Wakambeba. Gari likaondoka na jaketi lenyewe.

Outi alielekea kituo cha treni, mgongo wima, bila haraka, jinsi majasusi wanavyofundishwa kuondoka. Watu walimpisha njia, wakishangaa mwanamke mwenye shati tu kwenye baridi ile.

Uso wake ulikuwa unawaka moto.